Mazoezi ni Kuzoea

Baridi imetushika, na ukungu wa asubuhi hauondoki katika mashamba ya chai mpaka jua limepanda. Lakini wazima tupo. Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari ya kuuzoeza mwili: jinsi mtu awezavyo kujiwekea kipimo cha mazoezi kimfaacho, na jinsi awezavyo kukishika asikiache baada ya majuma mawili. Huenda mmoja wenu atacheka na kusema, "Mwalimu huyu amekosa neno la kuandika. Mazoezi ni mambo ya watu wa mjini wakaao vitini. Sisi wa huku twalima. Jembe ndilo zoezi letu." Neno hilo si la upuuzi, nasi hatutalipita bila ya kulijibu.

Kwanza twakiri kwamba kwa wengine ni kweli tupu. Mtazameni mama achumaye chai. Huamka kabla ya mapambazuko, huwasha moto, huwatayarisha watoto, kisha hushika njia ya shambani na kikapu chake. Mchana kutwa husimama, huinama, hupanda na kushuka miteremko, na mzigo wa majani mgongoni. Akirudi, maji yamngoja, na kuni zamngoja, na chungu chamngoja. Mtu kama huyu tukimwambia atoke jioni akakimbie, tutakuwa tumemfanyia ukatili. Haja yake si mazoezi. Haja yake ni kupumzika, na kupokewa mzigo na mumewe na wanawe. Na mume ambaye hana zoezi lo lote, akitaka kuanza leo, basi achukue ndoo aende kisimani. Atapata faida mbili kwa safari moja.

Lakini si wote tulio kama mama huyo. Zamani mtu wa Lupembe aliyetaka kufika Njombe alikwenda kwa miguu, akalala njiani. Leo hupanda basi au pikipiki, naye afika akiwa hajatoka jasho. Hatulaumu, ni neema, hasa kwa mgonjwa na kwa mama mja mzito. Ila tuhesabu tulichopewa na tulichopokonywa. Mwalimu huketi akisahihisha madaftari. Mwenye duka huketi nyuma ya meza yake. Fundi huketi mbele ya cherehani. Kijana wa bodaboda husafiri siku nzima, na miguu yake haigusi ardhi ila akisimama kungoja abiria. Mzee aliyewaachia wanawe shamba huota jua ukutani. Hata mkulima mwenyewe, tukisema kweli, kazi yake ina majira: iko miezi ya kuvunjika mgongo, na iko miezi ya kukaa.

Tena jambo hili la kuketi limechunguzwa na watu wenye elimu. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris na wenziwe walichapisha habari za wafanya kazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi penye usukani siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi tangu asubuhi hadi jioni, akitoza nauli. Watu hao waliishi mji mmoja na kufanya kazi katika gari moja. Lakini ilionekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Basi yule kijana wetu wa bodaboda na ajiulize: je, katika gari lile, yeye angekuwa nani?

Sasa tuwasimulie habari ya mwalimu mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu kuieleza bila ya kulitaja jina lake. Umri wake umepita miaka 50. Babaye alikufa kwa kiharusi, na kaka yake amepooza upande mmoja. Mwaka juzi alipimwa presha, ikaonekana imepanda sana. Daktari akampa dawa za kumeza kila siku, akamwagiza apunguze chumvi, akamwambia pia atembee. Alirudi nyumbani na hofu, na hofu hiyo ikamtia ushujaa wa ghafula. Kesho yake alfajiri alivaa raba, akateremka mbio mpaka mtoni, akapanda tena mbio. Siku ya tatu goti likamvimba. Siku ya nne hakutoka. Juma la pili raba zilirudi chini ya kitanda, naye akatuambia, "Mimi si mtu wa mazoezi. Yaliyompata baba yatanipata na mimi."

Maneno hayo yalituchoma, maana ana watoto wawili wangali shuleni, na mdogo wao hata darasa la nne hajafika. Tukaona ya kuwa hofu inaweza kumtoa mtu kitandani siku moja, wala haiwezi kumtembeza mwaka mzima. Wazee wamesema, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Basi tulishauriana naye. Badala ya mto tulichagua mti: mpaina mmoja usimamao penye kona ya barabara, mwendo wa dakika 5 kutoka shuleni. Tulipatana hivi: goti likipoa, kila jioni ya siku ya kazi, kengele ya mwisho ikilia, tusiketi kwanza, bali tuandamane mpaka mti ule, tuuguse, turudi. Ni dakika 10 tu. Wenzetu walicheka, wakasema hata mtoto wa chekechea huenda mbali zaidi. Mwezi wa kwanza hatukuongeza hata hatua moja, ingawa mwenyewe alikuwa anataka. Mwezi wa pili tukaupita mti, tukafika penye daraja. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, na sasa twatembea dakika 30 kila jioni, siku 5 za juma. Presha yake imeshuka. Dawa angali akizimeza kama alivyoagizwa, wala hatusemi kwamba amepona, kwa kuwa kazi ya kusema hivyo ni ya daktari. Lakini lile neno "mimi si mtu wa mazoezi" hatulisikii tena kinywani mwake.

Kwa nini mti ulifaulu palipo mto ulishindwa? Jibu limo katika lugha yetu wenyewe, nasi twalipita kila siku bila ya kulitazama. Neno "mazoezi" limetoka katika "kuzoea". Aliyelitunga neno hili hakusema "mashindano", wala hakusema "mateso". Alisema jambo ambalo mtu hulirudia hata likawa mazoea yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu atakaye kuanza si hili, "Naweza kufanya makubwa gani?" Mtu mwenye hasira anaweza kufanya makubwa kwa siku moja. Swali ni hili, "Ni kitu gani ninachoweza kukizoea?"

Na mazoea yataka siku. Mwaka 2010 wataalamu wa University College London walichapisha uchunguzi wao juu ya watu 96, ambao kila mmoja alijichagulia jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Wataalamu walitaka kujua ni siku ngapi zapita hata jambo lifanyike lenyewe bila ya mtu kujisukuma. Kipimo cha katikati kilikuwa siku 66. Lakini watu hawakulingana: mwepesi alitumia siku 18, na mzito alikadiriwa kuhitaji siku 254. Basi wewe unayevunjika moyo siku ya 14, jua kwamba huenda hujafika hata nusu ya njia. Kosa si lako. Ni hesabu tu haijatimia. Tena waliona neno la kufariji: kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyotangulia. Wengi wetu tukikosa Jumanne twasema, "Basi, imeharibika," nasi twaacha mpaka mwaka mpya. Haikuharibika. Jumatano ingalipo.

Sasa tuseme habari ya kipimo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2020, likashauri kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kila juma, au dakika 75 hadi 150 za kazi ya nguvu. Na tena siku 2 au zaidi afanye kazi ya kuitia nguvu misuli. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate dakika 60 kila siku, kwa wastani. Dakika 150 ni sawa na dakika 30 kwa siku 5, wala si lazima dakika hizo zifuatane. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni zahesabiwa zote. Kupasua kuni na kulima kwa jembe ni kazi ya misuli, nazo zahesabiwa. Mwongozo huo wasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Neno hilo la mwisho twalipenda kuliko mengine yote.

Mtu atauliza, "Nitajuaje kwamba mwendo wangu ni wa kadiri?" Hapa hatuhitaji chombo cho chote. Watu wa kwaya wataelewa upesi. Ukitembea na ukaweza kuimba wimbo mzima bila ya kukatika pumzi, mwendo wako ni wa polepole mno. Ukiweza kuzungumza na mwenzio, lakini kuimba huwezi, hapo ndipo penye kadiri. Na ukishindwa hata kusema maneno machache bila ya kuhema, umekwisha ingia katika kazi ya nguvu. Katika milima yetu ya Lupembe, mtu mzima hahitaji kukimbia ili aipate kadiri hiyo. Mlima wenyewe wamsaidia.

Tena tusibabaishwe na hesabu za watu. Siku hizi wengi wenye simu husikia kwamba mtu asipotimiza hatua 10,000 kwa siku hakufanya kitu. Hesabu hiyo haikutoka kwa madaktari. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua, na jina la kifaa hicho maana yake ni "kipimo cha hatua 10,000". Lilikuwa jina la biashara. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za wanawake wazee 16,741, ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 72. Waliotembea kadiri ya hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea hatua 2,700. Faida ikazidi kuongezeka mpaka kadiri ya hatua 7,500, kisha ikasimama. Basi bibi ambaye hawezi 10,000 asiketi kwa kukata tamaa. Hatua chache anazoongeza ndizo zimfaazo sana.

Katika kuchagua kipimo twawapa shauri mbili. Ya kwanza: ahidi tendo, usiahidi matokeo. Ukisema, "Mwezi huu nitapunguza kilo 5," umejifunga kwa jambo usilolitawala, maana mwili una siri zake. Ukisema, "Kengele ikilia nitakwenda mpaka mtini," umejifunga kwa jambo lililo katika miguu yako. Jioni utajua bila ya shaka kama umetimiza au hukutimiza. Ya pili: pima kwa juma baya, usipime kwa juma jema. Sote twajua kwamba kuna majuma ya mvua na utelezi, majuma ya mitihani, majuma ya msiba tunapokesha. Kipimo kinachowezekana katika siku za raha tu kitakufa na mvua ya kwanza. Weka kile ambacho hata katika juma la taabu waweza kukitimiza. Siku za raha ukizidisha, hiyo ni bakshishi.

Sasa habari ya hamu. Watu husema, "Nikipata hamu nitaanza." Twaona ni kinyume. Hamu ni kama mgeni: huja ikikuta moto umekwisha washwa. Siku nyingi mwenzetu yule hakuwa na hamu yo yote. Aliondoka kwa sababu kengele imelia, na kwa sababu sisi tumekwisha simama mlangoni. Akiisha fika mtini, hamu ilikuwa imemfikia njiani. Na siku ambazo sisi ndio tuliochoka, yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo afadhali kuitegemea saa kuliko kuutegemea moyo, na afadhali mwenzi mmoja kuliko maonyo kumi. Twatia alama katika kalenda ya ukutani kila siku tuliyokwenda. Ni mkaa tu, na mistari tu. Lakini mtu mzima huona haya kuliacha pengo la siku mbili.

Liko na jambo la aibu, ambalo waandishi wa mjini hawalijui. Kijijini mtu atembeaye bila ya jembe, bila ya mzigo na bila ya safari, huonwa kuwa ana neno. "Kamwene, mwalimu! Waenda wapi?" Ukijibu, "Natembea tu," watu hutazamana. Wengine wameacha mazoezi kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ni kuupa mwendo kazi. Nenda ukamjulie hali mgonjwa wa upande wa pili. Nunua chumvi katika duka la mbali, uache lile la karibu. Wasindikize watoto wa darasa la kwanza mpaka wavuke barabara. Kwetu sisi jirani walicheka kadiri ya miezi miwili. Mwezi wa tatu mzee mmoja alituuliza kama aweza kufuatana nasi. Sasa yeye ndiye atuharakishaye.

Serikali nayo imelitia mkono jambo hili. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, ikaagizwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya watu kufanya mazoezi. Ni jambo jema. Watu wakitoka pamoja, aibu huondoka. Lakini siku moja katika mwezi haiwezi kuwa mazoea. Ni mlango tu. Aliyeingia Jumamosi na aendelee Jumatatu.

Vijana watatuuliza, "Na wale mashujaa wa mbio, je? Si wao waliolenga makubwa?" Twawajibu kwa habari ya Alphonce Simbu, mwana wa Singida. Katika marathoni ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, alikuwa wa 5. Mwaka 2017 mjini London alikuwa wa 3 katika mashindano ya dunia. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alishinda mashindano ya dunia kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Watu waliona mwisho ule wa kufumba na kufumbua. Hawakuona miaka 9 iliyokuwa nyuma yake. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Na yule mzee John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 mjini Mexico aliumia goti, akafika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na dunia yote ikamheshimu? Sisi pia twamheshimu. Lakini twamsihi msomaji asimwige katika goti. Yeye aliibeba nchi yake kwa siku moja, katika mbio moja. Sisi hatuna mbio za siku moja. Tuna njia ya miaka. Goti likiuma, pumzika. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, simama, umwone daktari. Na mwenye presha, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa moyo, amwulize daktari kabla ya kuanza, wala asiache dawa zake kwa kuwa amejiona ana nguvu. Tumwige Akhwari katika jambo moja: kuitimiza njia tuliyoianza.

Basi, ndugu zetu, hatuwaombi kununua kitu, wala kuvaa nguo za mbio. Twawaomba kuchagua mti. Uwe karibu hata uone haya kusema huwezi kuufikia. Chagueni na saa, na mwenzi. Nendeni mkauguse, mrudi, na kesho vilevile, na mwezi wa kwanza msiongeze. Mtu akikuuliza waenda wapi, mwambie waenda kuzoea. Naye akitaka kujua maana yake, mwache afuatane nawe, umweleze njiani.

Ni sisi, mwalimu wenu wa Lupembe.